Kutafuta Moto Mwingine Mbarara

Ninyi mliobaki Uvira mliniuliza niliendea nini Mbarara. Niliendea moto. Mama Neema, mke wangu, alikwenda kuokota kuni kwenye vilima vya wenyeji, akarudi mikono mitupu na kitenge kimechanika.

"Balinikimbiza na imbwa," alisema. "Miye sirudie tena ile fasi."

Nikamwambia nitatafuta namna nyingine. Hapa Kashojwa, ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, mapaa mengi yana paneli za jua. Zinawasha taa na kuchaji simu. Kuchemsha maharage bado haziwezi.

Asubuhi nilipanda lori la Hajati Mwamini, mfanyabiashara wa Mbarara anayenunua maharage yetu. Nilipakia gunia langu, nikakaa juu yake.

Tulipofika Masha, tulisimama kupisha lori lililobeba nguzo za umeme. Nyuma yake likaja jingine, limejaa kuni. Nikamwuliza dereva miti hiyo inatoka wapi.

"Yote inatoka shamba moja," akasema. "Ile refu, nguzo. Ile fupi, kuni."

Mchana tuliingia Mbarara. Hajati anakaa mtaa wa Ruharo. Jikoni kwake kuna sufuria ya umeme, jiko la gesi na sigiri ya makaa. Uani kuna mafiga matatu. Vyote vina masizi au madoa mapya, hakuna kilichostaafu.

"Ya umeme ndiyo upesi," akasema. "Ona, ssebo," yaani bwana.

Akatia maharage, akabonyeza. Kitaa chekundu kikawaka. Hatujamaliza kuulizana habari za nyumbani, kikazimika, na feni ya sebuleni ikasimama.

"Umeme imeenda," akasema, kama mtu anayetaja siku ya wiki.

Akayahamishia kwenye gesi. Gesi ikakohoa, ikaisha. Akajaribu sigiri, makaa yalikuwa yamenyeshewa. Tukamalizia uani, kwenye mafiga. Maharage yale yalipitia historia nzima ya nchi kinyumenyume, na yaliiva vizuri.

Tukiwa tunakula, nikamwuliza kwa nini hajayatupa mafiga.

"Natupa namna gani? Mama yangu alikuwa na hii moja tu. Mvua ikinyesha, hatukuli. Mimi, moja ikikataa, naenda kwa ingine."

Nikamwachia gunia langu, naye akanitafutia mtungi mdogo wa gesi.

Jioni nilifika Kashojwa. Mama Neema alinizuia mlangoni.

"Iyo ni bombe, Baba Neema, itapasuka. Upike wewe mwenyewe. Miye niko inje na batoto."

Nikapika chai peke yangu. Majirani walisimama mbali, wakisubiri. Chai ilipochemka salama wakatawanyika, wengine wamesikitika kidogo.

Siku hizi chai na bugali tunapika kwa gesi. Maharage bado yanataka kuni, na Mama Neema bado anazifuata, ila upande wa Ziwa Nakivale, na mara chache. Nilidhani moto mpya ukiingia, wa zamani unaondoka. Hauondoki. Unapunguziwa kazi tu.

Juzi alfajiri wanawake wa kuni walipita njiani wakiitana. Walipofika kwetu wakamwita Mama Neema. Alikuwa amelala fofofo. Nikatoka nje, nikawaambia polepole kwamba leo haendi.