Viti vya Duara na Watani wa Mtoni

Siku yangu ya kwanza kama afisa ustawi wa jamii nilifika ofisi ya Kinondoni saa moja kasorobo asubuhi, nimevaa suti ya kijivu na tai, mkononi nina begi la ngozi. Mlinzi alinipigia saluti. Miaka minane nyuma mlinzi huyohuyo alikuwa ananituma maji ya kunywa, maana katika ofisi ileile nilikuwa tarishi: nabeba mafaili, napika chai, nafagia. Sikuwa na mjomba serikalini. Nilisoma masomo ya jioni, nikapata nafasi Uswidi, nikaosha vyombo kwenye mahoteli ya huko ili nijilipie chumba, nikarudi na stashahada ya tiba ya familia yenye muhuri mwekundu. Wakati ule, kwa ninavyojua, katika wilaya zote tatu za Dar es Salaam hakuwapo mwingine mwenye karatasi kama ile.

Mkuu wangu wa kwanza, Afisa Ustawi Mwandamizi, alikuwa mzee mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alinitazama kuanzia viatu hadi kichwa.

"Wewe si ndiye uliyekuwa unatuletea chai?"

"Ndiye mimi, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Chai yako ilikuwa na majani mengi. Haya, hiyo tiba yako ni ya sindano au ya vidonge?"

"Ni ya mazungumzo, Mzee."

"Mazungumzo." Akavua miwani. "Mshahara wa serikali kwa mazungumzo. Basi kaa pale, meza ile haina droo, lakini mazungumzo hayahitaji droo."

Vijana wanaofanya kazi hii sasa wana vyumba vyenye mapazia na masanduku ya karatasi laini za kufutia machozi, kwa hiyo nieleze jinsi mambo yalivyokuwa. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini. Biashara zilikuwa zimefunguliwa, mitumba imejaa kila kona, na mashirika ya umma yameanza kupunguza watu. Mwanamume aliyezoea kurudi na mshahara alijikuta nyumbani mchana, na mkewe aliyezoea kumngoja alikuwa sokoni. Nyumba nyingi zilitikisika. Wanandoa wakigombana walipelekwa baraza la usuluhishi la kata, na baraza liliuliza swali moja: nani mwenye kosa?

Mimi nilifundishwa kutouliza hivyo. Familia huja na mtu mmoja imemshika mkono, ikasema huyu ndiye tatizo, tutengenezee. Tulimwita mgonjwa wa kuonyeshwa. Mara nyingi yeye ni kama kidole kinachouma wakati mwiba uko kwingine. Kazi ya mtaalamu ni kuwakalisha wote pamoja, awaone wanavyojibizana, nani humkatiza nani, nani hunyamaza nani akiingia. Kisha anauliza swali la mzunguko, yaani anamuuliza mtu mmoja kuhusu wengine wawili. Humwulizi mume kama anamkasirikia mkewe. Unamuuliza mtoto: baba akikasirika, mama hufanya nini? Jibu la mtoto wote wanalisikia, na hapo kila mmoja anajiona kwa jicho la mwingine. Nilijifunza kupanga viti katika duara ili pasiwepo mkubwa wala mdogo.

Kinondoni jambo hili lilifanya kazi vizuri sana. Waliokuja walikuwa maofisa na wahasibu wa Mikocheni, watu waliosoma, wengi wametoka bara, wazazi wao wako mbali. Walikaa kwenye duara langu kama wanafunzi. Nilirudisha ndoa nyingi katika mstari, na Afisa Mwandamizi aliacha kunitania kuhusu chai. Baada ya miaka mitatu aliniita.

"Unahamia Temeke," alisema. "Huko watu hawakai kwenye duara."

"Watakaa, Mzee. Ni suala la utaalamu."

Akacheka mpaka miwani ikadondoka.

Temeke mkuu wangu alikuwa mwanamama, Afisa Ustawi wa Wilaya. Tulimwita Mama Afisa. Alivaa khanga juu ya gauni hata ofisini, na hakuwa na haraka na jambo lolote. Wiki yangu ya pili alinipa faili la familia moja ya Mtoni, karibu na Barabara ya Kilwa. Ilikuwa familia ya Kizaramo, wenyeji wa mji huu kabla haujawa mji. Mgonjwa wa kuonyeshwa alikuwa msichana wa miaka kumi na moja, Mwanaidi. Alikuwa ameacha kusema. Hakuwa bubu wala kiziwi, daktari alishampima. Mganga alisema ni jini, akachinjiwa mbuzi, na jini hakutoka. Mwalimu mkuu alikuwa ameandika kwamba asipozungumza kufikia mwisho wa muhula, shule haitaweza kuendelea naye.

Niliwaita wote. Alikuja baba, fundi mitambo wa kiwanda cha nguo, mtu mrefu mwenye kofia ya kiua. Alikuja mama, aliyekuwa ameanza kuuza mitumba Tandika. Alikuja pia bibi mzaa mama, aliyeishi nao. Na Mwanaidi. Nilipanga viti vitano katika duara safi kabisa na nikawakaribisha.

Baba Mwanaidi alisimama mlangoni akavitazama vile viti. "Hapa nikae wapi?"

"Popote, Mzee. Hapa sote ni sawa."

Akakaa. Macho aliyapeleka sakafuni na hakuyainua tena, kwa sababu mbele yake, magoti yakielekeana, alikuwa mkwewe. Bibi naye alijifunika uso kwa upindo wa khanga. Nilichukua vile vyote kuwa dalili, nikaviandika. Kisha, nikiwa najiamini kupita kiasi, nikamgeukia msichana.

"Mwanaidi, baba akikasirika nyumbani, mama hufanya nini?"

Baba alisimama, kiti kikaanguka. "Unamfundisha mwanangu kunisema? Mbele ya mkwe wangu?" Akamgeukia mkewe. "Ukikanyaga tena ofisi hii, talaka yako utaikuta mlangoni." Akatoka. Mama akamshika bibi mkono wakatoka, bibi analia ndani ya khanga. Mwanaidi alinitazama kwa muda mrefu, halafu akawafuata.

Kwa hiyo nilimpokea mtoto asiyesema, na ndani ya robo saa nikaongeza ndoa inayoning'inia kwa uzi. Nilimpelekea Mama Afisa taarifa, kurasa nne, nimeandika kwamba familia ina ukinzani, yaani haitaki kubadilika.

Alisoma yote. "Ukinzani ni wao au ni wewe?"

"Mama, nilifuata utaratibu."

"Umemkalisha mtu goti kwa goti na mama mkwe wake, ukamwambia mtoto amfichue. Wewe kabila gani?"

"Mnyamwezi, Mama. Wa Sikonge."

Alifunga faili. "Mnyamwezi. Na yule Mzaramo." Akasubiri. Sikuelewa. "We baba, huko Ulaya walikuosha ubongo pamoja na hivyo vyombo? Nyie si watani? Mtani wake ana ruhusa ya kumwambia neno lolote, popote, mbele ya mtu yeyote, na hakasiriki. Serikali imekuleta na ndege, wakati ruhusa ulizaliwa nayo."

Naandika haya nikiona aibu kidogo, na mimi si mtu wa aibu. Babu yangu alinisimulia kwamba Wanyamwezi walipofika pwani na mizigo ya misafara, Wazaramo ndio waliowapokea, na tangu hapo wakawa watani: wanatukanana kwa kicheko, wananyang'anyana vitu, na msiba ukitokea mtani ndiye anayekuja kuwafanya wafiwa wacheke. Nilikuwa nimeyasahau yote.

Kwa kuwa mama hakuweza kurudi ofisini, nilikwenda mimi. Nilifika Mtoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, bila faili, nikimlenga baba kabla hajaenda kazini. Alikuwa barazani anafunga kamba za viatu, hotpoti ya chakula cha mchana iko pembeni yake. Mwanaidi alikuwa anafagia uwanja akiwa na sare ya shule. Bibi alikuwa ndani, nyuma ya pazia la mlango, anasikika akikohoa.

"Hodi!" nilipaza sauti. "Wazaramo wameamka leo? Au jua limekosea njia?"

Baba akainua kichwa, uso umekunjamana. Kabla hajasema, sauti ikatoka nyuma ya pazia: "Nani huyo mwenye mdomo?"

"Mnyamwezi, bibi! Nimekuja kudai ushuru wangu."

Yule bibi aliyelia ofisini kwangu akacheka. "Kumbe Mnyamwezi! Na ile tai, nikadhani Mzungu aliyeungua. Mwana wa wapagazi wewe, na lile begi lako, mzigo umeshindwa kuuacha!"

Baba Mwanaidi alijikaza, lakini bega lilimtetemeka. "Mpagazi," alisema, "juzi ulitaka kunivunjia nyumba."

"Ningekuvunjia nini na nyumba yenyewe umejenga ukiwa umelala?"

Hapo akacheka waziwazi. Mama alitoka jikoni kuona kulikoni. Mimi, nikiwa nimenogewa, nikafanya kile mtani anachoruhusiwa: nikainyakua ile hotpoti. "Hii naondoka nayo. Mzaramo mvivu kama wewe chakula cha kazini cha nini?"

Vijana, sitawadanganya kwamba nilijua. Sikujua chochote. Nilitegemea aikimbilie. Hakuinuka. Kicheko kilimkauka, akaitazama hotpoti mikononi mwangu.

"Ichukue," alisema. "Sina pa kuipeleka."

Mama akasogea. "Huna pa kuipeleka vipi?"

Alisema akitazama viatu vyake. Kiwanda kilimpunguza. Kila asubuhi aliondoka na chakula, akakaa mpaka jioni bandani kwa fundi baiskeli kule Mbagala, na mwisho wa mwezi alileta kipande cha kiinua mgongo kama mshahara.

"Tangu lini?" aliuliza mama.

Aliyejibu alikuwa ameshika ufagio.

"Tangu siku tuliyotumwa Mbagala na mwalimu," alisema Mwanaidi, sauti imekwaruza kama mlango uliofungwa muda mrefu. "Nilimwona. Akaniambia nisikwambie, mama. Na wewe kila siku unaniuliza, baba yako kasemaje, baba yako yuko wapi. Sikutaka kukudanganya."

Pazia la mlango lilitikisika, lakini bibi hakutoka. Alijua kwamba akitoka, mkwewe atalazimika kuondoka. Akasema kutoka hukohuko ndani: "Mama Mwanaidi, mpe mumeo chai. Na huyo Mnyamwezi mpe pia, ameshabeba vya kutosha."

Nilikwenda kwao asubuhi tisa zaidi. Sikupanga kiti hata kimoja. Baba alikaa barazani, bibi nyuma ya pazia, mama kati yao mlangoni, Mwanaidi popote alipopenda. Maswali yangu ya mzunguko niliyauliza yote, lakini niliyavisha utani, na yalijibiwa. Waliamua wenyewe kwamba baba atashona na kurekebisha mitumba ya mkewe, maana mtu aliyetengeneza mitambo ya nguo hashindwi na cherehani. Talaka haikutajwa tena. Shule ilimbakisha msichana.

Nilipanda vyeo baada ya hapo, nikafundisha maafisa wengi, na nikafika kuwa mkuu wa idara katika wilaya ileile. Kila mwanafunzi wangu nilimuuliza kwanza: katika nyumba hii nani hukaa wapi, na nani ana ruhusa ya kusema na nani? Wengine walikosa watani, nikawaambia watafute shangazi, somo aliyemfunda mke, au babu anayetaniana na mjukuu wake. Kila nyumba ina mtu mwenye ruhusa. Ukimpata huyo, utaalamu wako unaweza kuingia nyuma yake. Bila yeye utabaki nje na stashahada yako.

Sasa nimestaafu, nipo Bunju, nyumba nimejenga mwenyewe tofali kwa tofali. Stashahada niliitundika sebuleni, mahali mgeni hawezi kuikosa. Mwaka ule nilipostaafu alikuja kunipongeza mwanamke mwenye sauti kubwa, mwalimu wa sekondari, na wanawe wawili. Alikunywa chai, akacheka na mke wangu, kisha akasimama, akaitoa stashahada ukutani na kuitia kwapani.

"We Mwanaidi! Hiyo ni ya Uswidi!"

"Ulichukua hotpoti ya baba, mpagazi. Hatujalipiza."

Ni mtani wangu. Nasikia imetundikwa Mtoni, juu ya cherehani ya mzee. Hapa kwangu msumari upo bado, na nimekataza mtu kuung'oa.