Amri ya Rajputi Pale Kariakoo

Sauti ninayoikumbuka mpaka leo si ya bunduki. Ni ya kisigino cha buti kikigonga saruji, dap, mara moja tu, halafu kimya.

Mzee Bhawan alikuwa akitufundisha kwata sisi watoto wa mtaa, kwenye baraza ya duka lake nyuma ya soko la Kariakoo, kila alasiri jua likishapunguza ukali. Baba yangu, fundi Saidi, alikuwa palepale na cherehani yake, akimshonea kaptula za kaki za wanafunzi. Baba hakuwa na maneno mengi. Ila ukitazama mguu wake kwenye pedali, ulikuwa unatufuata: kushoto, kulia, kushoto.

Kwa sababu ya kilemba, mtaa mzima ulimwita Kalasinga, yaani Singasinga. Hilo lilimuudhi sana.

"Mimi si Kalasinga, bwana. Mimi Rajputi. Kilemba kingine, watu wengine."

"Tumesikia, Mzee Kalasinga," wauza ndizi wanamjibu, naye anatikisa kichwa na kuwaongezea bei ya vitambaa.

Rajputi, alitueleza, ni watu ambao uaskari ni kazi ya ukoo. Kaka yake alifia Burma. Alibaki peke yake na bunduki ya bombomu kwenye daraja, tumbo limeshatobolewa, akawazuia Wajapani mpaka wenzake wote wakavuka. Nishani yake alikabidhiwa mama yao, ambaye hakujua hata Burma iko upande gani. Mzee Bhawan mwenyewe alipewa yake baada ya kuingia kwenye handaki la adui na kisu, maofisa wote wakiwa wamekufa. Hapo hakupenda kueleza sana. Alipenda zaidi habari ya baba yao, aliyeletwa kwa meli kupigana na Mjerumani hukuhuku kwetu, Tanga. Walipokuwa vichakani risasi ziligonga mizinga ya nyuki, nyuki wakatoka, kikosi kikatawanyika.

"Kwa hiyo walishindwa na nyuki?" nikamuuliza.

Alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kilemba. "Nyuki hajui amri, koplo. Askari ndiye anajua. Mpe amri kwa sauti ya kweli, mwili wake utatii kabla kichwa hakijajua."

Koplo ndiye mimi, Hawa. Nilikuwa darasa la tatu, na nilishaamua kwamba nitavaa kaki, nitapanda meli, nitakwenda kuliona hilo daraja. Nilimwambia baba. Akasema, "Kwanza jifunze kutia uzi kwenye sindano."

Uhuru ulikuwa bado mbichi. Mama alikuwa Masasi akimuuguza bibi, kwa hiyo nyumbani tulikuwa mimi na baba tu. Hakuna aliyetuambia kwamba kwenye kambi ya jeshi mambo yameharibika. Asubuhi moja, baba ameshatoa cherehani barazani na mimi nafagia, tukasikia milio kutoka upande wa mjini. Watu wakasema ni fataki za Wahindi. Mzee Bhawan akatoka, akainamisha kichwa kusikiliza.

"Hizo si fataki," akasema. "Hizo bunduki za jeshi."

Habari zikafika kwa miguu, kila mpita njia na kipande chake. Askari wameasi. Wanataka mshahara, wanataka maofisa Wazungu waondoke. Wameshika njia za mjini, na nyuma yao wamefuata watu wenye vyuma vya kuvunjia milango. Maduka yakafungwa, mlango baada ya mlango.

Mzee Bhawan aliingia ndani. Alipotoka alikuwa amevaa koti lake la kijeshi na buti, na nishani zake tatu kifuani.

"Vua hizo, mzee wangu," baba akamwambia. "Huyo mfalme wa Waingereza kwenye nishani ndiye wanayemfukuza."

"Fundi, askari akiona hizi atajua anaongea na askari mwenzake."

"Askari hawa hawatazami kifua. Wanatazama rangi."

"Wewe shona," akasema Mzee Bhawan, na wote wawili wakacheka kidogo. Ndicho kicheko chao cha mwisho pamoja.

Lori la askari lilipinda kona yetu likienda polepole. Waporaji walikuwa nyuma yake, wengine tayari wana majora ya khanga mabegani. Baba alinisukuma dukani. Kisha akakumbuka cherehani. Ilikuwa ndiyo riziki yetu yote, akarudi kuivuta.

Risasi moja ikatoka dirisha la ghorofa ya jirani. Nani aliipiga, mpaka leo sijui.

Askari mmoja akadondoka kutoka kwenye lori, ameshika shingo, damu inapita kati ya vidole.

Wenzake wakalitwanga lile dirisha mpaka mbao zikang'oka. Mchukuzi wa soko, ambaye hakuwa na habari na lolote, aliangukia gunia lake, na mchele uliomwagika ukawa mwekundu. Mwanamke aliyekuwa akikimbia na mtoto mgongoni alikaa chini ghafla, kama mtu aliyechoka, hakuinuka tena. Mtoto alikuwa analia, kwa hiyo nikajua mtoto yu mzima.

Wakashuka kwenye lori, wakamwona baba.

Alikuwa bado ameshika kichwa cha cherehani. Askari kijana, hata ndevu hazijakomaa, alimpiga kitako cha bunduki mdomoni. Baba akapiga magoti.

"Nani amepiga? Umemficha nani?"

Baba alitaka kujibu. Meno yalikuwa yanatoka pamoja na maneno.

"Hasemi," mwingine akasema. "Mmalize, twende."

Kijana akamwekea mtutu kisogoni. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, nimeng'ata gauni langu. Nilimwona Mzee Bhawan akinyoosha koti, polepole, kama anayekwenda kwenye gwaride, akafungua mlango, akatoka.

Hakukimbia. Alisimama kwenye ngazi, akavuta pumzi.

"Skwodi. Tensheni."

Sijapata kusikia sauti kama ile kutoka kwa mtu mwembamba kiasi kile.

Dap.

Visigino vya askari watatu viligonga pamoja. Yule kijana, bunduki yake iliondoka kisogoni kwa baba, ikashuka ubavuni, mkono umenyooka, kidevu juu, macho yanatazama mbele. Hakuna aliyempa ruhusa. Mwili wake ulitii tu, kama Mzee Bhawan alivyosema. Njia nzima ilinyamaza. Mbali sokoni kuku walikuwa wanapiga kelele matengani.

Baba akaanza kutambaa kuja mlangoni.

Mzee Bhawan aliwatazama mmoja mmoja, vifungo mpaka buti, kama anawakagua.

Halafu mtu akacheka. Alikuwa mporaji mmoja, amebeba saa ya ukutani. "Tazameni," akasema, "kumbe ni askari wa Mhindi."

"Mpigie na saluti basi, kijana," mwingine akaongeza. Kicheko kikaenea.

Nilimwona yule askari kijana akizinduka. Aliwatazama waliokuwa wanacheka, akaitazama mikono yake iliyonyooka. Shingo ilimvimba. Nimemuota mara nyingi kuliko nilivyomuota Mzee Bhawan, na kila mara naona ile aibu kwanza, bunduki baadaye.

Baba alishafika kizingitini. Nilishika kola yake nikavuta.

Yule kijana alipiga risasi mara mbili.

Mzee Bhawan alikaa kwenye ngazi. Kilemba hakikuanguka. Mwenye saa akaja mbio kuzing'oa nishani, na yule yule askari kijana akamtandika kitako cha bunduki usoni, saa ikavunjika. "Mwache," akasema. Kisha akapanda lori, likaondoka, na ghorofa ya jirani tukasikia askari wengine wakiburuta watu kwenye ngazi.

Tulimwingiza ndani, baba akimvuta mabegani, mimi nimebeba miguu. Buti zilikuwa nzito. Damu ilikuwa moto, sikujua kama damu huwa moto hivyo.

"Fundi yupo?" akauliza.

"Yupo, Mzee," nikamjibu.

Baba alimshika mkono, mdomo wake hauwezi kutamka.

"Yule kijana," Mzee Bhawan akasema, "kwata yake nzuri." Akafa kabla ya adhuhuri, kwenye bunda la kaki.

Baadaye uasi ulizimwa, helikopta za Waingereza zikapita juu ya Mnazi Mmoja, askari wakakusanywa mikono juu. Nilikwenda kutazama. Sikumwona yule kijana, au nilimwona nisimjue bila bunduki.

Sasa mimi ni mtu mzima, nina cherehani yangu kwenye ushirika wa akina mama, na bado naota meli. Baba yu hai. Anakula kwa upande mmoja wa mdomo, na kaki hashoni tena, hata umlipe vipi. Nimejiuliza kama Mzee Bhawan alikuwa shujaa au alikosea. Nadhani alikosea. Aliamini askari ni askari popote, akasahau kwamba askari anaweza kuona haya. Lakini kosa lile lilimpa baba muda wa kutambaa hadi mlangoni, na mimi muda huo naujua urefu wake: ndio ulionilea.

Siku jamaa zake walipokuja kumchukua kwenda kumchoma kwa desturi yao, baba alifuatana nao, taya limefungwa kitambaa. Wanawake na watoto hawakwenda. Nilibaki peke yangu uani.

Kunguru walikuja ukutani. Ndipo nikakumbuka kwamba kila asubuhi Mzee Bhawan aliwarushia chapati. Walikuwa wengi, wamejipanga, wananitazama. Madukani hakukuwa na kitu, na mji mzima ulikuwa hauna mkate. Kulikuwa na chapati moja ambayo jirani alimletea baba, na baba hakuweza kutafuna.

Niliikata vipande vidogo, nikawarushia mpaka ikaisha.