Kidole cha Secondo

Kanuni ilikuwa fupi: anayegusa mpira wa mlango kwa mkono mtupu aseme kabla hajatoka chumba safi, karakana isiyotakiwa kuwa na vumbi. Akisema mwenyewe, haadhibiwi. Delfina Gribaudo aliishika kanuni hiyo maisha yake yote ya kazi mjini Torino, na siku ilipomponza, mkono haukuwa wake. Ulikuwa wa shemeji yake.

Walikuwa wakiunda chombo kipya cha kupeleka watu angani. Wajerumani walitengeneza injini, Wamarekani sehemu ya kurudia duniani, na Torino ilipewa chumba cha kuishi pamoja na mlango wake. Kati ya mlango na fremu kulikuwa na pete ya mpira. Nje ya pete hiyo, huko angani, hakuna hewa.

Secondo, mume wa dada yake, alitokea viwanda vya magari. Huko mafundi walipima bati kwa kiganja kitupu, na kiganja kiliona kasoro zilizolipita jicho. Asubuhi ile, mlango ukikaribia kufungwa kwa majaribio, Delfina alimwona akivua glavu, akapitisha kidole juu ya pete polepole, akavaa glavu tena. Jasho la kidole lingeweza kuuharibu mpira taratibu, huko juu ambako hakuna fundi wa kuitwa.

Alingoja aseme. Secondo akaanza kuzungumzia agnolotti, tambi za nyama za mlo wa Jumapili. Mchana kungekuwa na mkutano wa video na washirika, na kila mtu kiwandani alijua kwamba baadhi yao walitafuta sababu ya kuihamisha kazi. Delfina akamsogelea.

"Shemeji, sema mwenyewe. Mlango bado uko wazi."

"Niseme nini? Nimegusa kidogo tu. Mikono yangu ni safi kuliko ya daktari wako."

"Umegusa."

"Delfi, pensheni naiona pale. Unataka nikamalizie ghalani? Dada yako utamwambia nini?"

"Kwamba nilikuomba useme."

"Haya, padri. Endelea na misa yako."

Mafundi walishika mlango. Delfina alitazama glavu za Secondo, akasubiri hadi mlango ulipoanza kusogea, akitumaini kwamba atasema. Kisha akainua mkono, kazi ikasimama, akaeleza alichokiona.

Mkutanoni mkurugenzi alikiri mbele ya washirika kwamba pete ingebadilishwa na safari ya chumba kuelekea Ujerumani ingechelewa. Washirika wakakubali. Kazi ilibaki Torino. Lakini kanuni ilimlinda aliyesema mwenyewe, na Secondo hakusema.

Pete ya zamani ilipimwa, na vipimo havikuweza kuthibitisha kama ingevuja au la. Wapo wanaosema basi angenyamaza. Wanakosea. Watu watakaolala nyuma ya mpira ule hawajui Secondo ni shemeji ya nani, na haiwapasi kujua. Kanuni inayolegezwa kwa ajili ya ndugu haimlindi mtu yeyote.

Secondo alimalizia miaka yake ghalani. Dada wa Delfina aliacha kupokea simu zake, na dada huyo alipougua hakutaka Delfina aitwe. Delfina alipata habari za mazishi ya dada yake kutoka kwa jirani, akafika kanisani watu wakitoka.