Mizunguko Kumi na Minne

Nikisema niliwahi kutunza riakta, watu hunitazama wakidhani nimenusurika na bomu la atomiki. Yetu haikuwa ya nyuklia. Zilikuwa koili tatu kubwa za bomba la shaba, zimesimama ndani ya uzio wa wavu katika chumba kimoja nyuma ya kiwanda cha chai huko Usambara, mwendo wa nusu siku kwa mguu kutoka Mgwashi. Umeme wa gridi ulipita humo kabla ya kufika kwenye mashine. Mti ukiangukia nyaya huko porini, umeme huja kwa fujo, na kazi ya riakta ni kuubana usiunguze kila kitu. Kwa kuwa umeme ulipita humo kutwa nzima, shaba ilipata moto, na maji ya kijito yalipitishwa ndani ya bomba lenyewe kuipoza. Yaliingia ya baridi, yakatoka ya moto wa kuogea. Wafanyakazi hawakuwa na haja ya neno riakta. Waliiita birika.

Maji hayo yalitoka kwa mpira mwembamba, mrefu kuliko nilivyoona sababu. Uliviringishwa mara kumi na nne kwenye fremu ya mbao ukutani, ndipo ukapenya ukuta na kumwaga kwenye pipa nje. Kila siku saa kumi alasiri wanawake wa kambini, wakitoka kuchuma, walipanga ndoo pale. Hawakusubiri pipa lijae. Walikinga moja kwa moja kwenye mpira, maana ndipo maji yalipokuwa na moto zaidi. Anayejua ukungu wa Julai kule juu, na kuni zinavyopatikana kwa kuviziana na walinzi wa msitu, hataniuliza kwa nini.

Chumba cha birika kilikuwa na mwangalizi wake, mama wa Kibena aliyekuja kuchuma chai akiwa msichana akabakia hukohuko. Alifagia, alitazama kipimajoto, na kila asubuhi alihesabu mizunguko ya mpira kwa kidole. Kusoma hakujua, kwa hiyo alichora vijiti kwenye daftari, kumi na vinne, siku baada ya siku. Nilipofika kutoka Tanga na cheti changu cha ufundi umeme, nilimuuliza anahesabu nini wakati mpira hauna miguu.

"Aliyefunga alisema usipungue," alinijibu.

"Kwa nini?"

"Hakuniambia kwa nini. Alisema usipungue."

Nilicheka. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na nilijua kila kitu.

Hizo zilikuwa siku za soko huria. Mitumba ilijaa sokoni, redio zilijaa matangazo, na mashamba ya serikali yalikuwa yakiuzwa. La kwetu nalo likauzwa. Akaja meneja mpya, mtu wa mahesabu aliyevaa sweta hata ndani ya nyumba, na neno "kupunguzwa" likawa salamu ya pili kambini baada ya shikamoo. Mimi nilikuwa bado kwenye miezi ya majaribio. Mke wangu alikuwa amejifungua mtoto wetu wa kwanza, na mama yake alikuwa mbali, Pangani. Aliyemsaidia alikuwa yule mama wa birika. Kila alasiri alimletea ndoo ya maji ya moto, akamkanda, akamwogesha mtoto, akaondoka bila kukaa.

Meneja aliniagiza nizunguke kiwanda niandike kila kisicho na kazi. Nilizunguka kwa mbwembwe, kalamu sikioni. Kwenye chumba cha birika niliandika: mpira, umezidi. Meneja akasema kata. Niliikata mizunguko tisa, nikabakiza mitano, na kipande nilichokata nikakipeleka kwangu kufikisha maji hadi jikoni. Mama alisimama mlangoni na daftari lake.

"Fundi, huo mpira usipungue."

"Mama, mimi ndiye niliyesomea umeme," nilimwambia, na sikumwambia kwa upole.

Siku hiyohiyo saa kumi alinifuata karakana. Alisema maji yanauma. Nilimuuliza maji yanaumaje. Akasema ukikinga, yanakung'ata mpaka kwenye kiwiko. Nilimwambia ni baridi ya mikono yake, nikaendelea kufunga mota niliyokuwa nayo. Wanawake wengine waliyaona vilevile lakini hawakufungua midomo. Maji yale yalikuwa hisani, hayakuandikwa popote, na waliogopa kwamba atakayelalamika ndiye atakayefanya pipa lifungwe. Wakaanza kupungua mmojammoja. Ndoo ya kwangu iliendelea kuja kila siku.

Siku ya nane baada ya kukata mpira, mchumaji mmoja aliyekuwa peku kwenye tope alirushwa akaanguka na ndoo yake. Hakuumia sana, alichubuka goti. Nilikimbilia pale, nikatia kidole kwenye maji yanayotoka, nikakirudisha haraka. Hapo ndipo akili yangu ya darasani iliponirudia. Maji yale yalikuwa yametoka kugusa shaba yenye umeme. Kilichowalinda watu miaka yote kilikuwa urefu wa mpira: maji membamba, njia ndefu, umeme unachoka njiani. Mimi niliikata njia.

Nilizima mtambo, nikaenda nyumbani, nikang'oa kile kipande jikoni bila kumweleza mke wangu kitu. Nilikiunga kwa kipande cha bomba la plastiki na vibano, nikakiviringisha, nikawasha. Nilitia kidole tena. Maji yalikuwa maji.

Jioni meneja alituita ofisini, mimi na yule mama. Mama aliingia na daftari lake kwapani, akasimama. Meneja alinigeukia mimi kwanza.

"Fundi, mashine ina tatizo?"

"Mashine ni nzima," nilisema.

Wakati nikisema hivyo ilikuwa kweli. Nimeichunguza sentensi hiyo kwa miaka mingi, na bado ni kweli. Meneja akasema kama mashine ni nzima, basi kosa ni kuruhusu watu kusogelea mtambo wa umeme, na mwenye kuruhusu ni mwangalizi. Akamuuliza kama ana la kusema. Mama alinitazama kidogo, akaliweka daftari sawa kwapani. Akasema hana. Pipa likaondolewa kesho yake, na jina lake likaingia kwenye orodha ya wanaopunguzwa.

Aliondoka Jumamosi kwa lori la chai. Nilimkuta ameketi juu ya kifurushi chake kando ya mzani wa majani mabichi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mizunguko mingapi leo?"

"Kumi na minne."

"Kumi na mitatu. Nimechungulia dirishani. Mmoja umepotea kwenye kiungo."

Nilikwenda nimejiandaa kumwomba radhi, nikashindwa kuanza. Akanipa daftari. Alisema nimkabidhi atakayekuja baada yake. Nilimwambia hakuna atakayekuja, nafasi yake imefutwa.

"Basi ni wewe," alisema. Kisha akauliza, "Mtoto ana wiki ngapi sasa?"

"Sita."

"Maji msiyapashe sana. Wewe ndiye wa kukata kuni sasa." Dereva akapiga honi, mama akapanda.

Nililifungua daftari baada ya lori kupotea kwenye kona. Kumi na vinne, kumi na vinne, kurasa na kurasa. Halafu vitano. Vitano tena. Siku nane za vijiti vitano, kuanzia asubuhi iliyofuata siku niliyoleta mkasi, kisha kumi na vitatu. Hata mtu wa mahesabu angesoma hilo kwa kutupia jicho moja. Mama alisimama nalo ofisini muda wote ule, na hakulifungua. Na siku zote nane, huku mimi nikimwambia mikono yake ina baridi, aliitia mikono hiyohiyo kwenye maji yanayouma ili mwanangu aoge.

Niliona aibu ambayo sijapata kuiona tena. Kwa meneja sikwenda. Nilijiambia nitakwenda Jumatatu, na Jumatatu nikapewa barua ya kuthibitishwa kazini, ikisifu uangalifu wangu. Niliikunja, nikaenda chumba cha birika, nikahesabu kwa kidole, nikachora vijiti kumi na vitatu.