Madoa, Mbwa wa Kwale

Harufu ya mbwa aliyelowa umande hunirudisha Bungoma, kwa bibi yangu, hata nikiwa katikati ya mazungumzo na watu. Wengine hukunja pua. Mimi huivuta, na mara nayaona mabua ya mtama yaliyokatwa, na moyo unaanza kunidunda kama asubuhi ile.

Baba yangu, Yohana, alikuwa mtunza mbwa kwa mzungu mmoja mwenye shamba la mahindi nje ya Kitale. Wafanyakazi walimwita Bwana Kofia, maana hakuna aliyewahi kukiona kichwa chake. Mbwa wake hawakuwa wa kulinda boma. Walikuwa seta, mbwa wa kuwinda ndege, wenye manyoya marefu yaliyoning'inia mikiani kama pindo la shuka. Kazi yao ilikuwa kumnusa kwale aliyejificha nyasini, kisha kusimama kimya, mguu mmoja hewani, mpaka mwenye bunduki afike.

"Kukimbia kila mbwa anajua," baba alipenda kusema. "Kusimama ndiyo shule."

Mwaka mmoja, seta jike aliyependwa kuliko wote alizaa na mbwa koko wa kambi ya wafanyakazi. Watoto walipokua kidogo, masikio yao yakamtaja baba yao. Bwana Kofia alisema damu imeharibika, akaamuru wote watiwe kwenye gunia na kutupwa mtoni. Baba alitii. Lakini mmoja wao, dume mwenye vidoadoa vyeusi, asubuhi hiyohiyo alikuwa ameuona unyoya wa kuku ukipeperuka uani, akausimamia, mguu hewani, bila kufundishwa na mtu. Baba alishindwa. Alimficha ndani ya kapu, akamfunika kwa majani ya migomba, akaendesha baiskeli mpaka Bungoma. Mimi nilikuwa nikiishi huko na mama yake, ambaye kwa Kibukusu tulimwita kukhu, ili nisome.

"Hii ni ya nani?" kukhu aliuliza, akichungulia kapuni.

"Ni marehemu," baba akajibu.

Tulimwita Madoa. Baba alipopata ruhusa ya kuja nyumbani alimfundisha, na alipoondoka aliniachia mimi mazoezi. Nilifunga bawa la kwale kwenye fimbo, nikalivuta nyasini taratibu, na Madoa akaganda kama mti. Akitaka kuruka, nilimzuia kwa kamba ndefu. Ili asiogope mlio wa bunduki, nilipiga sufuria kwa mwiko kila alipokula, kwanza kwa mbali, kisha karibu, mpaka majirani wakamuuliza kukhu kama mjukuu wake ana akili timamu. Ikawa kwa Madoa kishindo kikubwa maana yake ni chakula.

Kitu hicho ndicho kilichotaka kutuangamiza.

Mavuno ya mtama yalikuwa yamekwisha. Nilikuwa nikifagia uani nilipomwona mtoto wa jirani akija mbio, akisema kuna gari la wazungu limesimama ng'ambo ya kijito, na baba yangu yuko nao. Kukhu aliacha kupepeta. Baba hakuwa ametuma habari yoyote, na sote wawili tulielewa kwa nini: Bwana Kofia aliamua ghafla kuwaleta wageni wake kuwinda huku, na baba hakuwa na njia ya kumkataza.

"Mfunge Madoa jikoni," kukhu alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida. 

Nilimfunga kwenye nguzo ya jiko, nikakaa naye nimemkumbatia shingo. Aliwanusa wenzake kutoka mbali, na mwili wake wote ulikuwa ukitetemeka chini ya mikono yangu. Kisha bunduki ikalia. Madoa aliruka mara moja tu. Kamba ilikatika, mlango wa mabua ukaanguka, nami nikabaki nimelala kifudifudi na manyoya viganjani.

Nilimfukuza nikimwita kwa sauti ya chini, kama mtu anayepiga kelele ndotoni. Kukhu alinifuata, leso yake ikiburutika. Tulipofika ukingo wa shamba, tulikuwa tumechelewa. Seta wawili wa Bwana Kofia walikuwa wakizunguka wamepoteza harufu. Katikati yao Madoa alikuwa amesimama, mguu hewani, mkia umenyooka, akielekeza pua kwenye kichaka kidogo ambacho mbwa wale wote walikuwa wamekipita.

Bwana Kofia alisonga mbele. Kwale wakaruka. Alipiga risasi, ndege akaanguka, na Madoa hakutikisika. Wageni walipiga makofi.

Bwana Kofia hakupiga makofi. Alimzunguka Madoa polepole. Aliutazama mkia, akayatazama masikio, akayatazama yale madoa, kisha akageuka kumtazama baba. Baba alikuwa ameishika kifuani filimbi yake ya kuitia mbwa, kama mtu anayeshika msalaba.

"Yohana. Wewe najua hii mbwa?"

Siku hizo mfanyakazi akiitwa mwizi na bwana wake, hakuwa na mdomo wa kujitetea. Hata mimi mtoto nilijua. Nilimwona baba akivuta pumzi.

"Mbwa ni yangu, Bwana," kukhu akasema.

Alikuwa amepita mbele yangu, mikono wazi, akitabasamu kama anayepokea wakwe.

"Mimi ndiyo mama ya Yohana. Mtoto yangu anakula kwako miaka mingi, na wewe hujawahi kufika kwangu. Leo umefika. Sisi Wabukusu hatuachi mgeni aende mikono mitupu. Chukua hii mbwa, ni zawadi. Yohana atakuchungia."

Mgeni mmoja aliuliza jambo kwa Kiingereza, mwingine akamtafsiria, na wote wakacheka kwa furaha, wakampiga Bwana Kofia begani. Yeye aliendelea kumtazama kukhu, na kukhu hakuinamisha macho. Upepo ulikuwa ukiyapapasa manyoya ya mkia wa Madoa.

"Asante, mama," hatimaye akasema.

Madoa alipandishwa garini. Alitutazama kutoka nyuma, akidhani tunakuja.

Sikusema na kukhu siku nyingi. Niliyakataa hata maziwa ya mgando niliyoyapenda. Kwangu alikuwa bibi mwoga aliyemgawa mbwa wangu kwa kuogopa kofia ya mzungu. Habari kwamba Madoa amekuwa kiongozi wa mbwa wote kule Kitale, na kwamba baba ndiye anayemlisha, hazikunipoza.

Ilinibidi nipate watoto wangu mwenyewe ndipo nikaelewa. Mwizi huulizwa kitu amekitoa wapi. Mtoa zawadi hushukuriwa. Mbele ya wageni wale, Bwana Kofia angeuliza zaidi, ingembidi pia aeleze kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameamuru mbwa waliyempigia makofi auawe. Kukhu alilipima hilo lote katika muda wa pumzi moja, bila kuwa na mtu wa kumwuliza.

Baba, alipokuwa mzee, nilimwuliza alitaka kujibu nini asubuhi ile. 

"Nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme kweli," akasema. "Mama akaniwahi."