Unga Chini ya Msalaba wa Baharia

Mpaka leo nikiona watu wamekaa kwenye mabenchi ya ile bustani wanamenya machungwa, natamani kuwafukuza. Najua hawana kosa. Lakini baba yangu yumo humo humo, na sijui anakanyagwa na nani.

Alichukuliwa upagazi vita vya Mjerumani, mimi bado nanyonya. Akapangiwa kuwabebea mizigo mabaharia wa Kiingereza. Ndiyo, mabaharia, hapa Masasi! Walishushwa melini na bunduki zao kubwa wakaletwa huku kwenye mawe, na wengi wakamalizwa na homa na kuhara, wao na wapagazi wao. Wazungu wakazikwa kwa misalaba. Wapagazi wakafukiwa hivi hivi, miguuni mwao. Mpagazi mmoja aliyesalimika ndiye aliyemwonyesha Mama: mumeo yuko hapa, miguuni mwa msalaba wa mwisho.

Basi Mama, Mkristo wa kubatizwa, tena wa kwaya, hakuacha desturi. Kukiwa na jambo nyumbani, jioni anakwenda na unga wa mtama, anaumimina taratibu pale mpaka usimame kama kichuguu kidogo, anamweleza mumewe, anafunika kwa kibuyu. Asubuhi anafunua. Unga ukiwa umesimama, amekubali. Ukiporomoka, amekataa, na jambo hilo halifanyiki. Posa yangu ya kwanza ilikataliwa hivyo. Nililia, nikanuna, lakini sikubisha.

Miaka ya mwisho ya Mwingereza pale makaburini pakafungwa, pakafanywa bustani ya watu wote. Nyasi, maua, mawe ya chokaa, na barabara ya magari katikati. Ilipofunguliwa, mwanangu wa kiume alikuwa anasubiri kuingia jando, na kwetu mtoto haendi jandoni babu yake hajaambiwa. Tukaenda, Mama na mimi, hatutambui kitu isipokuwa misalaba. Misalaba ilipendeza, imepangwa mstari mmoja karibu na geti. Mama akamimina unga chini ya ule wa mwisho, akaongea weee, akacheka peke yake. Asubuhi unga umesimama. Alipiga vigelegele mpaka mtunza bustani akaja.

"Shikamoo, Mama. Unamtambikia nani?"

"Marahaba. Mume wangu. Yuko hapa, miguuni mwa huyu."

Yule bwana akainamisha kichwa. "Mama, hapa hapana mtu. Misalaba tuliambiwa tuilete mbele, wageni waione vizuri. Maiti hatukuwagusa."

"Wako wapi?"

Akanyoosha mkono kwenye barabara.

Lo, nilitukana! Matusi ambayo mke wa mwalimu hapaswi hata kuyajua.  Jioni Mama alirudi na unga mwingine, akapiga magoti kwenye kokoto katikati ya barabara, akaanza upya: mjukuu wako anakwenda jandoni. Mtunza bustani, masikini, akapanga mawe kuzunguka kibuyu. Nikasema nibaki nilinde. Mama akakataa, unga wa marehemu haulindwi.

Asubuhi kibuyu kilikuwa vipande vipande, na unga umesagwa kwa alama ya tairi.

"Amekataa," Mama akasema.

"Mama, hilo ni gari! Baba hakusema kitu!"

"Unajuaje?"

Sikujua. Hata yeye hakujua, na hilo ndilo lililomvunja. Mtoto akazuiwa. Wenzake wakaenda, wakarudi na kanga mpya na nyimbo zao, wakawa wanamcheka njiani kuwa bado ni mtoto mdogo. Akawa hatoki nje. Mwaka uliofuata kaka zangu wakachoka, wakampeleka hivyo hivyo. Siku ya kumpokea kijiji kizima kilicheza ngoma, ila Mama alijifungia ndani.

Hakumimina unga tena. Watoto wamezaliwa, mabinti wameolewa, Mama mwenyewe amekufa, na Baba hajaambiwa.