Laini ya Marehemu Ndani ya Kengele

Wezi wa kwanza walikuwa na adabu. Walikata waya wa simu ya mezani pale nje, juu ya dirisha la jikoni, wakaukunja vizuri kama watu watakaourudia, ndipo wakaingia kubeba cherehani ya shangazi. Kengele ya nyumba ilitegemea waya huohuo kuwaita walinzi. Ikalia peke yake mpaka ikachoka.

Shangazi ni mshona mapazia. Ukimwibia cherehani umembeba yeye mwenyewe, ukaacha gauni lake limesimama mlangoni. Mwanawe mkubwa, ambaye sisi binamu zake tunamwita Mwenyekiti kwa jinsi anavyofungua kikao hata watu wakiwa wanakunywa chai, alikuja siku hiyohiyo na uamuzi mfukoni.

"Mama, nyumba tunaiuza. Unahamia kwangu, chumba kipo."

"Kile cha kupigia pasi?"

"Meza ya pasi tutaitoa."

"Itoe kwanza, ndipo uje kunitisha."

Wakavutana mpaka wakafika mahali: atafungiwa kengele mpya, ila wezi wakiingia tena, anahama bila neno. Shangazi alikubali huku akitazama ukuta wa sebule, ule marehemu mumewe alioupaka mwenyewe rangi ya papai lililosahaulika. Alimsema kwa rangi ile maisha yao yote, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa.

Akaja fundi. Mtaani wanamwita Waya, na ndiye wa kwanza kutuambia waya tuusahau.

"Mama, kengele ni mdomo tu," alisema. "Kazi ni habari ifike kwa walinzi. Waya, umeona mwenyewe. Intaneti ni ya haraka, lakini umeme ukikatika nayo imekwenda. Kuna laini ya simu, inakaa ndani ya kopo lenyewe la kengele, na betri yake. Hakuna cha kukata. Mimi ningekufungia zote mbili, intaneti na laini, moja ikizirai nyingine inashika."

"Intaneti ya nini? Mimi na dunia tumeshamalizana."

"Basi laini. Tununue mpya."

Shangazi akaingia chumbani, akarudi na kibati cha vifungo. Chini kabisa, laini ya marehemu. Tangu mazishi alikuwa akiitia kwenye simu yake mara mojamoja na kumpigia mtu yeyote, ilimradi isife.

"Hii ipo. Aliilinda nyumba hii akiwa hai, aendelee."

Waya akanitazama mimi. Mimi nikatazama dari.

Kopo likafungwa juu ya mlango. Waya akaeleza kwamba kila mchana litapiga simu kituoni kwa walinzi, na kwa shangazi pia, kujijaribu tu. Siku likinyamaza, tujue lina jambo.

Sasa, kwenye simu ya shangazi namba ile iliandikwa Baba Watoto.

Mchana wa kwanza alikuwa kwenye cherehani ya kuazima, anashona pazia refu kama foleni ya hospitali. Simu ikaita. Baba Watoto anapiga. Akapitisha sindano kwenye kidole gumba, damu ikaingia kwenye kitambaa cheupe, wala hakuiona.

"Abee," akaitika, kama anavyoitikiwa mtu aliyetoka kidogo dukani.

Sauti ya mashine ikamjibu kwamba mfumo uko salama.

Siku ya pili alijua ni kopo. Akaitika abee vilevile. Haikupita wiki akawa hashoni tena; tangu asubuhi amekaa na simu mapajani, na ikishaita analia mpaka jioni. Akamwita Waya.

"Toa hayo majaribio."

"Mama, bila majaribio hatutajua kama kopo linapumua."

"Lipumue kimyakimya."

"Basi tubadili jina kwenye simu yako. Tuandike Kopo."

"Mume wangu nimwite kopo?"

Waya akapanda ngazi kuyazima yote, ya kwake na ya kituoni. Kule juu, akiongea na bisibisi zaidi kuliko na sisi, alisema laini isiyotumika kampuni huifunga na namba akapewa mtu mwingine. Shangazi alikuwa ameshageuka kufuta machozi. Zamani aliipa uhai kwa mkono wake. Sasa imefungiwa ukutani, haipigi wala haipigiwi.

Nyumba ikatulia miezi na miezi. Akanunua cherehani yake, akarudi kuwasimanga wateja kwa ladha zao mbovu. Halafu siku moja, ametoka kununua vitambaa, wezi wakaingia kwa mlango wa jikoni, mchana kweupe. King'ora kikalia. Jirani alikisikia, akaongeza sauti ya redio.

"Nilijua walinzi wako njiani," alisema. "Si mna kengele ya kisasa?"

Walinzi hawakupigiwa na mtu. Kopo lilijaribu, likajaribu, na laini ilikuwa imeshakufa.

Nilimkuta shangazi kwenye kiti chake, mbele ya meza ya cherehani isiyo na kitu. Akachukua simu, akabonyeza Baba Watoto. Uso ukamfunguka.

"Inaita," akaninong'oneza.

Akapokea msichana, nyuma yake watu wanacheka. "Haloo, nani mwenzangu?"

"Hii namba ya nani, mwanangu?"

"Yangu, mama. Nimeinunua majuzi. Ulikuwa unamtafuta nani?"

Kicheko cha upande wa pili kikaisha.

"Mwenyewe ametoka," shangazi akasema. "Itunze."

Mwenyekiti alikuja na gari la mizigo, na kwa mara ya kwanza hakufungua kikao. Nyumba imeshauzwa. Nasikia ukuta ule sasa ni mweupe.

Meza ya pasi haijatolewa. Shangazi ameweka juu yake kibati cha vifungo, na chini ya vifungo ile laini, ambayo Waya alimrudishia alipolibomoa kopo. Hashoni. Mchana anakaa ukingoni mwa kitanda, simu mapajani. Ukimwita kutoka sebuleni haitiki, hata umwite vipi. Mwenyekiti anamtafutia daktari wa masikio.